Fahamu: Meli za doria na boti zinazojiendesha, hesabu ya bahari ya Kilwa

Tangu Septemba 2021, Kikosi Kazi cha 59 cha wanamaji wa Marekani, chenye makao Bahrain, kinajaribu kuchanganya meli zenye mabaharia na boti zinazojiendesha. Mchanganyiko wa namna hii hupimwa kwanza kwenye kompyuta: kasi, mafuta, mawimbi, mawasiliano yanapokatika. Doria hurudiwa mara nyingi, idadi ya meli na boti ikibadilishwa.

Hesabu hiyo ihamishie Kilwa, pwani ya Tanzania, kutoka kisiwa cha Songo Songo chenye gesi inayotumika Dar es Salaam tangu 2004, hadi kwenye miamba iliyoumizwa na uvuvi wa baruti. Boti isiyo na watu hukesha ikitazama, lakini haikamati mhalifu. Swali zito ni meli yenye askari ikae wapi ili ifike mapema. Hesabu isiyoingiza upepo wa kusi haitufai.