Kung'oa Urembo wa Dashibodi Bila Kuuvunja

Toyota Mark X iliyopitia mikononi mwa mafundi wengi hujulikana kwa ukingo wa ule ukanda wa plastiki wenye nakshi ya mbao, unaozunguka redio. Umejaa vidonda vidogo vilivyoachwa na bisibisi bapa. Plastiki ikichubuka hivyo hairudi, hata ikipigwa polishi kutwa nzima.

Wengi hudhani urembo huo umegandishwa kwa gundi. Kwa sehemu kubwa umeshikwa na klipu zinazoingia kwenye matundu ya dashibodi, pamoja na skrubu chache zilizofichwa. Klipu ikivutwa moja kwa moja huachia. Ikipindishwa kando, jino lake hukatika. Fundi makini hubandika tepu ya karatasi kandokando, hupenyeza kabari ya plastiki, kisha hulegeza klipu moja moja huku akisikiliza: tak, tak. Kipande kikizidi kung'ang'ania, kuna skrubu. Aitafute, asitumie nguvu. Plastiki iliyopigwa jua miaka kumi imekauka kama kigae, na asubuhi ya baridi ni heri ipashwe kidogo kwa drai ya nywele.

Jambo lisilo na mjadala ni eabegi. Kabla ya kugusa vipande vilivyo karibu na usukani au mbele ya abiria, gari huzimwa, waya hasi wa betri hufunguliwa, kisha husubiriwa. Toyota huagiza angalau sekunde 90, kwa kuwa mfumo huo huhifadhi umeme wake. Plagi za manjano ndizo zake. Swichi ikiwashwa zikiwa zimechomolewa, taa ya eabegi huwaka na kubaki hivyo mpaka hitilafu ifutwe kwa mashine. Kifuniko cha eabegi nacho kisibandikwe pambo lolote, maana kimetengenezwa kipasuke.

Anayekwenda Grogan, Nairobi, kutafuta kipande cha mtumba aende na namba ya chesisi. Cha GRX120, Mark X ya 2004 hadi 2009, hakiingii kwenye GRX130 iliyofuata. Na cha gari lenye usukani wa kushoto, kama yale yanayotumika Kongo au Rwanda, upande wa dereva hakikai kabisa.

Wakati wa kurudisha, klipu za chuma zilizobaki ndani ya dashibodi hutolewa kwa koleo na kuvalishwa kwenye kipande kipya. Plagi ya swichi ya hazadi huchomekwa kwanza, taa zikajaribiwa, ndipo kiganja kikandamize.