Kutengeneza Wanasesere wa Mbao kwa Kufuata Picha

Mtoto wa madarasa ya chini hujifunza kwa kushika kabla ya kujifunza kwa kutazama. Picha ya kitabuni humtaka akubali kwamba mtu aliyechorwa mdogo yuko mbali, na kwamba mkono usioonekana uko nyuma ya mwili. Mwanasesere bapa wa mbao, aliyekatwa kwa kufuata picha ya mtu halisi, ni daraja baina ya kitu na picha. Hapa tutaeleza namna ya kumtengeneza katika shule za Same na Milima ya Upare.

Kuchagua picha

Tuseme somo ni ndiva, yaani bwawa ambamo wakulima wa Upare hukusanya maji usiku na kuyafungulia mchana yaende mashambani kwa zamu. Tutahitaji mtu anayefungua maji, mkulima mwenye jembe, na mama aliyebeba tangawizi. Picha ifaayo huonyesha mwili mzima, na mikono imeachana na kiwiliwili. Mikono ikikunjwa kifuani, umbo la nje halitaonyesha kazi yoyote.

Picha nyingine zitatoka majumbani, na huenda mojawapo ikawa ndiyo pekee iliyobaki ya babu marehemu. Kwa hiyo mwalimu aombe ruhusa ya wenyewe, asiandike juu ya picha wala asiikate, na airudishe siku ileile. Aitandikie nailoni angavu, kisha afuatishe umbo juu ya nailoni bila kukandamiza.

Kurahisisha umbo

Si kila kilichomo pichani kiingie katika mbao. Wachongaji wetu walilijua jambo hili zamani: mwana hiti wa Wazaramo hana mikono wala miguu, lakini kichwa chake na mtindo wa nywele humtambulisha mara moja. Mwalimu ajiulize ni alama gani inayomtambulisha mtu huyu. Ikiwa ni mkongojo wake, mkongojo ubaki. Asiuondoe kwa kudhani anampendezesha.

Kukuza

Juu ya nailoni, chora miraba ya sentimita 1. Juu ya karatasi, chora miraba ya sentimita 3, kisha hamisha mstari mraba kwa mraba. Mtu wa sentimita 6 atakuwa wa sentimita 18. Wanafunzi wa Darasa la Tano waifanye kazi hii wenyewe, wagundue kwamba urefu umeongezeka mara 3, bali eneo mara 9.

Kukata

Hamisha umbo kwenye plaiwudi kwa karatasi ya kaboni. Kata kwa msumeno mwembamba wa upinde, kisha lainisha kwa msasa. Ukitumia ubao wa kawaida, nyuzi za mti zifuate urefu wa miguu, la sivyo miguu itavunjika. Shingo isiwe nyembamba mno. Gundisha mwanasesere kwenye kitako cha mbao.

Siku hizi zipo mashine zinazokata kwa mwanga wa leza. Leza ya kwanza ilifanya kazi Marekani mwaka 1960, na ile ya gesi ya kaboni dayoksaidi, inayotumika sana kukatia mbao, ilibuniwa mwaka 1964. Kioo hukusanya mwanga mahali padogo sana, nao huunguza mbao kwa kufuata mstari unaoelekezwa na kompyuta. Faida yake ni kutoa wanasesere wengi wanaofanana. Lakini mashine haitambui babu ni yupi na mgomba ulio nyuma yake ni upi. Mstari sharti uchorwe na mtu kwanza. Kwa hiyo shule isiyo na mashine haikosi sehemu kubwa ya mafunzo haya. Palipo na mashine, mtoto asiangalie mwanga wake, moshi utolewe nje, na plastiki ya PVC isikatwe kamwe, kwani hutoa hewa ya sumu.

Matumizi darasani

Wape wanafunzi wanasesere kwa makundi, wapange zamu ya maji, kisha waeleze kwa sentensi kamili nani anafuata na kwa nini. Mwishowe waonyeshe picha ya awali. Sasa wataisoma, maana wamekwisha kuishika.

Zoezi kwa wanachuo

1. Chagua picha tatu, ueleze ni ipi inafaa kukatwa na kwa sababu gani.
2. Andika andalio la somo la dakika 40 ukitumia wanasesere wanne.