Koo la Utotoni, Moyo wa Ukubwani

Msomaji, hebu weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba, uhesabu. Moyo mzima hupiga kwa mpango, kama saa ya ukutani. Lakini wako watu ambao mapigo yao huja mawili ya haraka, moja likachelewa, kisha matatu kwa pupa.

Twende Kericho na Bomet, kwenye mashamba ya chai. Mama anapanda mteremko na kikapu mgongoni, pumzi zinamwisha kabla hajafika mahali pa kupimia majani. Majirani watasema ni baridi ya huku juu. Labda. Lakini usiku naye halali mpaka aegemee mito miwili, na umri wake ni miaka 30 tu.

Huenda chanzo kilikuwa koo. Watoto wa miaka 5 hadi 15 huumwa koo kwa viini viitwavyo streptokoka, ambavyo huenea upesi pale wengi wanapolala chumba kimoja. Mtoto akitibiwa kwa penisilini, yamekwisha. Asipotibiwa, baada ya wiki mbili tatu anaweza kushikwa na homa ya baridi yabisi. Viungo huvimba, na kinga ya mwili huishambulia vali ya moyo ikidhani inapigana na viini. Viungo hupona. Vali hubaki na kovu.

Vali ya mitrali, iliyo upande wa kushoto, kwa kawaida hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6. Kovu laweza kuibana hadi 1.5 au chini ya hapo. Damu hurundikana nyuma yake, chumba cha juu cha moyo hutanuka, na umeme unaoongoza mapigo huvurugika. Chumba hutetemeka badala ya kupiga. Damu hutuama na kuganda, na bonge likichomoka likaenda ubongoni, ni kiharusi.

Wanawake wengi hugundua wakiwa waja wazito, kwani damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu na mlango mwembamba haitoshi.

Hospitali ya Tenwek, Bomet, hupasua moyo na kurekebisha au kubadilisha vali. Mwenye mapigo yaliyovurugika hupewa wafarini ili damu isigande. Dawa hii ni ya zamani na ina usumbufu: damu hupimwa kila mara, na sukuma wiki haikatazwi, ila isiwe sufuria nzima leo na kesho hakuna. Mama akishuku ana mimba amwone daktari mara moja, maana yaweza kumdhuru mtoto. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, ulionyesha kuwa waliotumia dawa za aina hii walikufa wachache kuliko waliopewa tembe mpya ya rivaroksabani.

Na mtoto aliyewahi kupata homa ile hudungwa penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka. Sindano yenyewe ni chungu kwelikweli, na wazazi huuliza mbona adungwe ilhali anacheza mpira. Adungwe hivyohivyo, kila homa mpya huongeza kovu juu ya kovu.