Mizigo Mitatu Juu ya Kichwa Kimoja

Wahenga walisema: mshika mawili moja humponyoka. Je, wangesemaje wakimwona mwanafunzi wa shahada ya juu hapa Ifakara, ambaye katika mwezi mmoja atakiwa afanye mtihani wa mwisho, akamilishe utafiti wake, na ahame nyumba? Yatupasa, wasomaji wetu wapenzi, kulizungumza jambo hili, kwani wanafunzi hao si wageni kwetu. Ni watoto wetu, ni wake na waume wa majumba yetu, na wengine wana watoto mgongoni.

Mji wetu umeuzoea utafiti. Katika miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, aliweka hapa maabara ndogo ya kuchunguza maradhi ya nchi za joto. Maabara hiyo ikakua hata leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na vijana wa vyuo mbalimbali huja kuchunguza malaria katika bonde hili la Kilombero.

Wala asidhani mtu kuwa utafiti ni kusoma vitabu kivulini. Achunguzaye mbu hutoka jua likichwa, akatega mitego yake vijijini, akarudi alfajiri. Kisha mchana huketi na darubini akiwatenga mbu waambukizao na wasioambukiza. Mbu hawangoji tarehe ya mtihani. Masika yakipita kabla hajamaliza hesabu zake, huenda akangoja mwaka mzima. Naye mwenye nyumba hangoji masika. Aghalabu hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mara moja, na muda ukiisha hutaka nyumba yake.

Tulimjua mama mmoja, jirani yetu, aliyepatwa na hayo yote. Mtihani ulikuwa Jumatatu, na nyumba ilitakiwa Jumamosi. Baadhi ya jamaa za mumewe walimwambia: "Acha kusoma, nyumba yakushinda." Lakini mumewe hakukubali. Shemeji zake walibeba vitanda, jirani mmoja akawachukua watoto siku tatu, na mwingine akapika. Godoro lilinyeshewa na sahani zikavunjika, lakini mama aliingia katika chumba cha mtihani akiwa amelala usiku wake. Somo moja alilirudia, yaliyobaki alishinda. Tujiulize: ingekuwaje lau wote wangemwambia aache?

Sisi watu wa bonde twajua kuhama. Mkulima wa mpunga huiacha nyumba yake akaenda kukaa shambani majuma mengi, naye hubeba kwa mpango: mbegu hutangulia, vyombo hufuata, na safari hufanywa kabla maji hayajafunga njia. Mwanafunzi naye na afanye vivyo hivyo. Mbegu yake ni karatasi zake za utafiti.

Na karatasi hizo ni amana. Utafiti unaohusu watu hauanzi mpaka upate kibali, na kila mtu aliyekubali kuhojiwa ameahidiwa kuwa siri yake italindwa. Ukiliacha sanduku la karatasi hizo barazani siku ya kuhama, likapekuliwa na wapita njia, umeivunja ahadi uliyompa mwanakijiji aliyekufungulia mlango wake. Basi zitangulize, zifunge kwa kufuli, na nakala yake iwe mahali pengine.

Tena kazi kubwa haifanywi kwa siku moja. Sheikh Abdulla Saleh Farsy alikuwa mwalimu mwenye kazi nyingi. Tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili ilitoka sehemu kwa sehemu kwa miaka mingi, hata ikachapishwa nzima mwaka 1969. Na katikati ya kazi hiyo alihama Unguja akaenda Kenya, ambako mwaka 1968 alikuwa Kadhi Mkuu. Kuhama hakukuikatisha kazi, kwa kuwa ilikwisha gawanywa vipande vinavyobebeka.

Kwa hiyo, ewe kijana, andika tarehe zako zote tatu katika karatasi moja mapema. Zikigongana, mwendee mwenye nyumba umwombe majuma mawili, na umwambie msimamizi wako mambo yalivyo kabla hayajaharibika. Mwenye kunyamaza hasaidiwi. Usiku wa kuamkia mtihani usiutumie kufunga mizigo.

Nanyi wazazi na jamaa, msiseme tu "Tutakuombea." Dua ni njema, lakini mkono mmoja wa kubeba kitanda ni sehemu ya dua hiyo. Mpeni binti yenu nafasi ile ile mnayompa kaka yake, wala msimhesabie kila sahani isiyooshwa katika mwezi wa mtihani.

Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi wote watafutao elimu, na atujaalie sisi tuwe wasaidizi wao. Amin.