Pesa Zikitoka Katika Simu Yako Bila Wewe Kuzitoa

Mkulima, tuseme chama cha ushirika kimekulipa Sh. 8,400 za maziwa kwa M-Pesa. Jioni unatazama simu na kuona arifa kwamba Sh. 5,000 zimekwenda kwa mtu usiyemjua. Usingoje kesho. Mwizi huzitoa kwa wakala, pengine katika mji wa mbali, kabla wewe hujamaliza kukamua, na zikisha kutolewa ni vigumu sana kuzirudisha.

Piga simu kwa kampuni mara moja. Kwa Safaricom ni namba 100 ikiwa laini yako ni ya kulipa kwanza, au 200 ikiwa ni ya kulipa mwisho wa mwezi. Namba 234 ni ya mambo ya M-Pesa hasa. Waambie waifunge akaunti yako. Arifa ile usiifute, maana ndani yake mna namba ya malipo, saa, na jina la aliyepokea, na hayo ndiyo utakayoulizwa. Ikisha funguliwa tena, badili namba ya siri, wala usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Mwaka huo umo katika kitambulisho chako, na wengi wamekiona.

Kama ni wewe mwenyewe uliyekosea namba, hilo ni shauri jingine. Peleka arifa nzima kwa 456 kabla mpokeaji hajazitumia pesa.

Iko dalili moja ambayo wengi huidharau. Laini yako inakufa ghafula, lakini simu za majirani zinafanya kazi vizuri. Usidhani ni mlingoti ulioharibika. Huenda mtu amejifanya wewe, akapewa laini mpya yenye namba yako, na sasa arifa zako zinamfikia yeye. Azima simu ya jirani upige papo hapo. Utakapopata laini yako tena, usitazame salio peke yake. Tazama na madeni. Mwizi aweza kukopa Fuliza au M-Shwari kwa jina lako, na deni la Fuliza litakatwa katika malipo ya maziwa ya mwezi ujao usipolikataa mapema.

Kisha nenda kituo cha polisi na kitambulisho chako, uandikishe habari na upewe namba ya OB. Iko sheria ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta, na kuiba kwa simu kumo ndani yake. Ikiwa simu imeunganishwa na benki, benki nayo iambiwe siku hiyo hiyo.

Twasema haya kwa haya kidogo, lakini si kila mwizi yuko mbali. Mzee asiyesoma vizuri humpa mjukuu simu amsomee arifa, na namba ya siri humwambia pia. Mjukuu asome arifa. Namba ya siri ibonyeze wewe.

Akikupigia mtu akisema ametoka Safaricom, itazame namba yake kwanza. Wao hupiga kwa 0722 000 000, wala hawaulizi namba ya siri. Namba ya mdanganyifu ipeleke kwa 333. Na leo hii, kabla hujaibiwa, bonyeza *100*100# ili laini yako isibadilishwe ila wewe mwenyewe ufike katika duka la kampuni.