Ndege za vita za zamani: Zirushwe au zibaki makumbusho?

Novemba 12, 2022, familia nyingi za Dallas, Marekani, zilitoka na watoto kwenda kutazama maonyesho ya ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mchana ule, ndege ndogo ya kivita aina ya P-63 Kingcobra ilikata kona na kuigonga B-17, ndege kubwa ya kudondosha mabomu. B-17 ilikatika angani. Watu sita waliokuwa ndani ya ndege hizo walifariki dunia.

Chini hakuna aliyejeruhiwa, lakini watoto waliona kila kitu. Waliokuwa nyumbani nao waliona baadaye, kwenye simu za wazazi wao.

Ajali hiyo ilifufua ubishi wa siku nyingi: ndege adimu kama hizo ziendelee kurushwa, au zistaafishwe?

Adimu kweli. B-17 zilitengenezwa zaidi ya 12,700. Zinazoweza kuruka leo zinahesabika kwa vidole. Lancaster za Uingereza zilikuwa zaidi ya 7,300, na sasa zinazoruka ni mbili tu, moja Uingereza na nyingine Kanada. Ikianguka moja, nusu imekwenda.

Wanaotetea kurushwa hawasemi upuuzi. Ndege iliyoegeshwa miaka mingi hushika kutu, mipira yake hukauka, na mafundi wanaojua injini zile huzeeka bila kurithisha ujuzi. Tiketi za maonyesho husaidia kulipia vipuri. Tena kuna ule mngurumo wa injini nne, unaomfanya mtoto aliyekuwa akicheza gemu ainue kichwa na kuuliza maswali.

Lakini hatari hiyo anaibeba nani?

Rubani anayeingia kwenye ndege ya mwaka 1944 anajua anachokifanya. Abiria je? Oktoba 2, 2019, B-17 nyingine ilianguka katika uwanja wa Bradley, Connecticut, dakika chache baada ya kuruka. Ilibeba watu 13, wengi wao wakiwa wamelipa dola 450 kila mmoja ili waonje safari ya kihistoria. Saba walikufa, watano kati yao abiria. Wachunguzi walitaja makosa ya rubani baada ya injini kusumbua, na matengenezo yasiyotosha.

La Shoreham, Uingereza, ni zito zaidi. Agosti 22, 2015, jeti aina ya Hawker Hunter, ya miaka ya 1950, ilishindwa kumaliza mzunguko wake angani ikaangukia barabara kuu ya A27. Wanaume 11 walikufa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ndani ya uwanja wa maonyesho. Baadhi walikuwa wakipita tu na safari zao. Rubani alinusurika. Baada ya hapo ndiyo masharti yakakazwa kwa jeti za zamani.

Kwa hiyo hoja ya "kila mtu achague hatari yake" inaishia kwenye uzio wa uwanja. Zinazobaki mbili tatu duniani zipumzishwe. Zile zilizo nyingi kidogo, kama Spitfire, ziruke bila abiria na mbali na barabara.

Mzazi anayempeleka mtoto kwenye maonyesho amvalishe vizuia kelele, kwani masikio ya mtoto hayazoei jeti, yanaumia. Na mtoto akishuhudia ajali, asirudishiwe video yake. Aachwe aulize, ajibiwe ukweli kwa maneno machache. Jinamizi, kukojoa kitandani au kung'ang'ania mzazi vikizidi mwezi mmoja, aonwe na mtaalamu.

Huko Dayton, Ohio, B-17 maarufu iitwayo Memphis Belle imewekwa ndani ya jumba la makumbusho la Jeshi la Anga tangu 2018, baada ya ukarabati wa miaka mingi. Kiingilio ni bure. Injini zake haziwashwi. Mngurumo itabidi baba auigize kwa mdomo.