Friji Bovu na Sangara wa Kubanika

Usagara ni njia panda. Ukitoka Mwanza mjini, unanyoosha kwenda Shinyanga au unakata kulia kuelekea Kigongo, ambako tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya daraja la kilomita 3 badala ya kungoja kivuko cha Busisi. Sehemu kama hii haikosi gereji, na gereji haikosi friji lililokufa. Wapo wanaolilaza chali, wakalijaza barafu na kuhifadhia samaki. Ni matumizi mazuri. Yako mengine yanayotaka uangalifu zaidi: kuligeuza tanuri la kubanikia.

Jambo hili lina uzito kwetu kwa sababu ya sangara. Furu na dagaa hukaushwa na jua. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, amejaa mafuta; ukimwanika hivi hivi anachacha na kuoza kabla hajakauka. Ndiyo maana hutiwa chumvi akawa kayabo, au hukaangwa, au hubanikwa, na kuni zikazidi kutafutwa kando ya ziwa. Mama anayebanika juu ya moto wa wazi huinamia moshi wake macho yakimtoka machozi, na sehemu kubwa ya joto alilolinunua inapotea hewani. Sanduku la bati lenye mlango unaofunga sawasawa lingemfaa sana.

Lakini friji haliwashiwi moto jinsi lilivyo. Friji la kisasa lina bati nje, plastiki ndani, na katikati povu la poliuretani. Plastiki hiyo hulainika joto likikaribia nyuzi 100, na povu likiungua hutoa moshi wenye sianidi. Samaki aliyekaushwa katika moshi huo hafai kumlisha mtu yeyote.

Huko Ulaya na Marekani hukwepa hatari hiyo kwa kuwasha moto nje, kisha moshi husafiri kwenye bomba na kufika ndani ukiwa umepoa, chini ya nyuzi 30. Samaki hapikiki, anapata ladha tu, na baada ya hapo hurudi kwenye baridi. Njia hiyo isiletwe Mwanza. Hewa yetu ya mchana tu inakaribia joto hilo, na samaki mbichi akikaa humo kwa saa nyingi anazalisha vijidudu. Samaki wa kupelekwa mnadani bila barafu lazima aive: nyama yake ya ndani ipite nyuzi 60, kisha aendelee kukauka.

Basi kinachofaa ni ganda la friji tu. Kwanza fundi friji anyonye gesi kabla bomba lolote halijakatwa. R12 ya mafriji ya zamani huharibu tabaka la ozoni, na R600a ya mapya hulipuka. Kisha plastiki, povu na mpira wa mlangoni vitoke vyote. Rafu za asili nazo zitupwe, kwa kuwa baadhi zimepakwa zinki au kadimiamu. Wekeni nyavu za chuma cha pua. Ndani pigeni udongo wa kichuguu ulioshikiliwa na wavu, utunze joto. Moto ukae chini kwenye kijumba chake cha matofali, tundu la moshi liwe juu.

Kati ya moto na samaki pawe na sinia la kukinga mafuta. Mafuta ya sangara yakidondokea makaa huzaa benzopaireni, kemikali inayosababisha saratani. Tangu 2014 Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 2 kwa kilo ya samaki wa moshi. Kuni ziwe kavu, za mwembe au mpera, kamwe zisiwe mabaki ya mbao zenye rangi.

Mwenye udongo na matofali tele hana hata haja ya friji: tanuri la Chorkor, lililopata jina kwa kijiji cha wavuvi cha Ghana, hujengwa kwa udongo na trei za mbao zinazopangwa moja juu ya nyingine. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi una kampasi Nyegezi, si mbali na Usagara. Kabla ya kumlipa fundi wa kuchomelea, nenda kaulize pale.

Na friji linalomngoja fundi uani ling'olewe mlango leo. Watoto hujificha humo wakakosa hewa. Marekani ilitunga sheria ya vitasa vya mafriji mwaka 1956 kwa sababu ya vifo vya namna hiyo.